Aliyegonga Mlango wa Abba Horioni

Imepokewa kutoka kwa wazee waliotutangulia katika imani, Mungu awarehemu, kwamba zamani katika jangwa la Misri alikuwako mtawa aliyeitwa Abba Horioni. Alikuwa mja wa Mungu kwelikweli, wala asije mtu akanielewa vibaya kwa haya nitakayoyaeleza mbele. Alifunga, alisali, alisuka vikapu vya ukindu kwa mikono yake mwenyewe, na ulimi wake haukujua kusengenya. Kisa hiki si cha mtu mwovu. Kingekuwa cha mtu mwovu, ningekisimulia kwa raha zaidi.

Alijulikana kwa jambo moja, nalo ni vita na pepo wachafu. Watu wa vijiji vya mtoni walimletea wagonjwa wao, wenye kupiga mayowe na wenye kuanguka, na wale waliokimbiwa na usingizi, naye akawaombea kwa jina la Yesu. Wengi walirudi kwao wazima. Habari zake zikaenea mpaka ikawa mama akimtisha mtoto mtundu humwambia, "Ngoja nikupeleke kwa Horioni." Sasa, ndugu zangu, mtu akisifiwa sana huanza kujitazama. Horioni naye alikuwa mtu.

Aliishi peke yake katika chumba cha mawe, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwa watawa wenzake. Juu ya mlango alichora msalaba. Miimo ya mlango aliipaka mafuta yaliyoombewa, na kizingiti alikinyunyizia maji ya baraka kila ilipokaribia Jumapili. Na zaidi ya hayo yote, alishika kanuni ya mlango.

Kanuni hiyo ilikuwa hivi. Wazee wa jangwani walifundisha kwamba pepo huja kwa sura za watu, hugonga mlango, huita mtu kwa jina lake, huiga hata sauti ya ndugu yake. Basi ikawa desturi kwao kwamba anayebisha husimama nje na kusema kwa sauti, "Asifiwe Bwana aliyefufuka." Aliye ndani hujibu, "Amina," ndipo hufungua. Kwa maana pepo, walisema, anaweza kusema yote, lakini maneno hayo hawezi kuyatamka.

Mahitaji yake aliletewa na mtu mmoja wa kijijini jina lake Paesi. Huyu hakuwa mtawa, bali mchukuzi tu aliyetembea na punda wake, akiwapelekea wakaa jangwani mikate na chumvi, na kurudi na vikapu vyao. Alikuwa amefiwa na mke, akaachiwa watoto wadogo, nao walilelewa na mama yake, bibi mmoja mcha Mungu aitwaye Herai. Paesi alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Akifika kwa Horioni hakujua kunyamaza.

"Abba! Abba Horioni! Fungua, jua linaniua huku!"

Ndani kimya.

"Haya basi, nimesahau. Asifiwe Bwana aliyefufuka."

"Umesema huku unacheka," sauti ikatoka ndani. "Sema tena."

"Lo! Abba, hivi ni pepo gani huyo atakayebeba mikate kutoka mtoni mpaka huku?"

"Sema tena, mwanangu."

Paesi akasema tena, safari hii kwa unyenyekevu, na mlango ukafunguliwa. Wakaketi. Mgeni akatoa habari za mtoni, nani kaoa, nani kazaa, nani kagombana na nani, na Horioni akasuka ukindu wake kana kwamba hasikii. Lakini alikuwa akisikia. Alimpenda mtu yule, na siku za kuja kwake alizingoja, ingawa hakuwahi kumwambia. Siku moja, akiwa anatafuna, alikunja uso akasema, "Paesi, mikate hii ina mchanga."

"Jangwa lote ni mchanga, Abba."

"Najua. Lakini meno yangu yamezeeka."

Paesi akacheka. "Haya, nimesikia. Nitatafuta namna."

Ikapita miezi. Horioni akaitwa kijijini kumwombea mwanamke mmoja aliyekuwa akiteswa vibaya. Alipomwekea mkono kichwani, mwanamke akatoa sauti nene isiyo yake, akasema mbele ya watu wote, "Nitakuja kwako, Horioni! Nitagonga kwako!" Kisha akaanguka, na alipoinuka alikuwa mzima, akaomba maji ya kunywa. Watu wakamsifu Mungu. Wakamsifu na Horioni.

Akarudi jangwani akiwa na hofu. Na pamoja na hofu, maana wazee hawakutuficha, alikuwa na raha kidogo. Adui anamjua kwa jina! Adui ametangaza vita naye, si na mwingine! Akazidisha kufunga, akapaka mafuta upya miimo yote, akakagua hata tundu la moshi. Watawa wenzake walijua habari ile, na kila walipokutana ibadani walimtazama kwa namna ya kumuuliza: amekuja? Naye alitikisa kichwa kwamba bado. Akangoja. Naona wengine mnatabasamu. Mimi sitabasamu, kwa kuwa najua kinachokuja.

Ikawa siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, upepo wa moto ukainuka kutoka kusini. Mbingu zikawa nyekundu, kisha zikawa rangi ya vumbi, na mchanga ukaanza kuyapiga mawe ya kile chumba kwa kishindo. Horioni akafunga tundu la dirisha kwa mkeka, akaweka komeo, akaketi kusali. Ndipo mlango ukagongwa.

Alishtuka. Nani atembee katika tufani kama hii? Akainuka, akasema kwa sauti kuu, "Kama wewe ni mtu, toa salamu!"

Aliyekuwa nje hakusema neno. Alitoa mlio tu, mkavu, wa kukwaruza, kama mnyama aliyekabwa.

"Toa salamu! Mtaje Bwana aliyefufuka!"

Mlio ukaja tena, mrefu zaidi, ukakatika katikati. Kucha zikaparuza ubao. Horioni akarudi nyuma, akapiga ishara ya msalaba, akajua kwamba saa yake imefika. Akapiga magoti, akaanza kuimba zaburi kwa nguvu zake zote ili asisikie. Kule nje kishindo kikaendelea, mara kwa ngumi, mara kwa kitu kizito kama bega au kichwa. Kadiri kilivyozidi ndivyo naye alivyopaza sauti. Akamkemea. Akamwamuru aondoke. Jasho likamtiririka, na ndani yake alikuwa kama askari aliyefika vitani baada ya kungojea miaka mingi.

Kisha kishindo kikapungua. Kukawa na kimya, na katika kimya hicho aliyekuwa nje akagonga kwa namna nyingine: mara mbili upesi kwa konde la mkono, halafu kiganja kikaburuzika taratibu juu ya ubao kwenda chini.

Horioni akaacha kuimba. Ugongaji wa namna hiyo aliujua.

Akasogea mpaka mlangoni, akashika komeo. Ndugu zangu, sikilizeni hapa, maana ndipo kisa chote kilipo. Katika saa ile hakudanganyika. Moyo wake ulimwambia waziwazi, huyu ni Paesi. Koo lake limejaa mchanga, hawezi kusema, fungua. Na mkono wake ulikuwa tayari juu ya komeo. Lakini likamjia wazo jingine, nalo halikutoka nje ya mlango. Nikifungua na nikamkuta Paesi, aliwaza, watu watacheka. Watasema Horioni, bingwa wa kufukuza pepo, alimwimbia zaburi mbeba mikate mchana kweupe huku akitetemeka. Na nikifungua, kumbe ni yule niliyeahidiwa, watasema ameshindwa. Bali nisipofungua, kanuni iko upande wangu.

Akaondoa mkono kwenye komeo, akarudi akapiga magoti.

Hakukugongwa tena. Kabla ya jua kutua upepo ulikuwa umetulia, na Horioni akajilazimisha kuimba nyimbo za shukrani. Akaimba muda mrefu kuliko desturi yake. Angefungua jioni ile ingekuwaje? Wazee hawakusema, wala mimi sijui, na laiti nisingekuwa mtu wa kuuliza maswali kama hayo.

Kulipopambazuka alifungua. Mlango ulisukuma kitu, ukakwama, akausukuma tena. Paesi alikuwa amelala pale kizingitini kwa ubavu, nusu yake imefunikwa na mchanga, na mkono mmoja umeegemea ubao. Midomo ilikuwa imepasuka, ulimi umevimba, pua na kinywa vimejaa vumbi. Alikuwa amekwisha kuwa baridi. Punda hakuonekana. Kifuani alikuwa amekumbatia kifurushi, na Horioni alipokifungua alikuta mikate. Ilikuwa imezungushiwa kitambaa cha kichwa cha Paesi, kile ambacho kila msafiri wa jangwani hujifunga puani na kinywani upepo unapoinuka. Mikate ilikuwa safi, haina chembe ya mchanga.

Horioni alilia, akalia bila aibu, hakuna wa kumsikia.

Adhuhuri watawa wengine wakafika, maana baada ya tufani walikuwa na desturi ya kujuliana hali. Pamoja nao alikuwa Abba Zoilo, mkubwa wao, mzee ambaye neno lake lilikuwa la mwisho. Wakaona maiti, wakamwona na Horioni ameketi kando yake. Zoilo akauliza taratibu, "Aligonga?"

"Aligonga, Abba."

"Alitoa salamu?"

"Hakutoa."

"Basi usijilaumu, ndugu yangu. Hukuwa na njia ya kujua."

Jibu alilokuwa ametoa Horioni lilikuwa kweli tupu, na alijua kuwa ni uongo. Wakamzika Paesi wakamwombea.

Na habari, mnazijua habari zinavyotembea. Mtawa mmoja, aliyekuwa mbali mwendo wa asubuhi nzima, alisema alisikia sauti ya Horioni ikikemea katikati ya tufani. Mwingine akakumbusha ahadi ya yule pepo kijijini. Zilipofika mtoni zilikuwa tayari zimevaa nguo nyingine kabisa: kwamba pepo alikuja kama alivyoahidi, akashindwa kuingia kwa Horioni kwa ajili ya utakatifu wake, na kwa hasira akamkaba koo Paesi masikini mlangoni. Watu wakaja kwa wingi kuliko zamani. Wakabusu miimo ya mlango. Wakachota mchanga wa kizingitini wakaufunga katika pindo za nguo zao, uwe kinga. Horioni akawaona wakiuchota mchanga ule, asiwakataze. Aliwaombea kwa haraka na kuwarudisha, na chakula kikamshinda.

Siku moja akaja Herai.

Alikuja juu ya punda wa mwanawe, maana mnyama yule alikuwa amerudi nyumbani peke yake baada ya tufani. Akashuka kwa shida, akatoa salamu ya mlangoni kwa heshima zote, na alipofunguliwa akapiga magoti mbele ya Horioni. Mkononi alikuwa na kichupa cha mafuta.

"Inuka, mama," Horioni akasema. "Nakusihi, usinipigie magoti mimi."

"Nimekuja uniombee mafuta haya, Abba. Nipake nyumba yangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. "Nina wajukuu. Wanasema pepo akishaua mtu wa nyumba, huijua njia. Upepo ukivuma kidogo tu mdogo wao huingia chini ya mkeka akalia, anasema aliyemuua baba anakuja. Mimi mzee, anichukue. Lakini watoto hawa, Abba! Tuombee kinga."

Akanyoosha kichupa.

Ilikuwa rahisi sana. Apokee kichupa, aombe, amrudishie. Mama angeondoka na faraja, watoto wangelala, na jina la Horioni lingebaki pale lilipo. Hakuna aliyejua wala ambaye angejua, isipokuwa Mungu. Wazee wanasema alikitazama kichupa kile mpaka mkono wa yule bibi ukaanza kutetemeka kwa kuchoka.

"Mama," akasema, "hakuna pepo aliyemuua mwanao."

"Abba?"

"Aliuawa na tufani, na mimi. Alifika hapa akiwa hai. Aligonga."

Herai akashusha kichupa chini. "Ukamsikia?"

"Nilimsikia."

"Wanasema hakuweza kutoa salamu. Ukadhani ni pepo."

Hapo ndipo mlango wa mwisho wa kutorokea ulipokuwa, na yeye mwenyewe Herai ndiye aliyemfungulia. Horioni akautazama, akauacha.

"Mwanzo nilidhani ni pepo. Baadaye nilijua ni yeye. Nilishika komeo nikiwa najua. Niliogopa kuchekwa, mama. Nikaacha."

Bibi hakupiga kelele. Alikaa pale chini, mikono mapajani. Kisha akauliza jambo ambalo Horioni hakulitazamia.

"Uligunduaje kuwa ni yeye?"

"Kwa alivyogonga."

"Nionyeshe."

"Mama..."

"Nionyeshe, nisikie."

Horioni akaenda mlangoni, akapiga ubao mara mbili upesi kwa konde, akakiburuza kiganja chini. Herai alifumba macho.

"Ndiye," akasema. "Ndivyo alivyonigongea tangu ana miaka ya kufikia mlango." Na hapo akalia, kilio cha mama, ambacho sikielezi, aliyekisikia anakijua.

Alipomaliza akajifuta kwa upande wa nguo. Horioni akasema, "Niambie la kufanya, nitafanya."

"Watoto wanaogopa pepo asiyekuwako. Nitawaambia nini?"

"Waambie kweli."

"Mimi? Hapana. Utawaambia wewe."

Akaondoka naye siku ileile, bibi juu ya punda na mtawa akifuata nyuma kwa miguu, jua la mchana likiwapiga. Akaketi chini mbele ya watoto wale, akawaeleza kwa maneno yanayowafaa kwamba baba yao hakukabwa na kitu chochote cha kutisha, kwamba alikuwa akimletea mikate mtu, na mtu huyo hakumfungulia. Mkubwa wao akauliza mtu huyo ni nani. Akajibu, "Ni mimi." Mtoto akamtazama, kisha akaenda kujificha nyuma ya bibi yake, na Horioni akaiona hofu ikihama kutoka kwa pepo ikija kwake. Hakulalamika, alijua ni haki yake.

Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya watawa na watu wa mtoni waliokuja ibadani, akasema yote, hata lile la kuogopa kuchekwa. Wengine waliinamisha nyuso. Mmoja aliyekuwa amefunga mchanga pindoni mwake aliufungua akaumwaga hapohapo. Alipomaliza, Abba Zoilo akasema kwa uchungu, "Salamu ile ya mlangoni tuliwekewa na wazee ili mwoga apate ujasiri wa kufungua. Sisi tumeigeuza ikawa ya kufungia. Na mimi ni miongoni mwenu, maana nilimuuliza Horioni swali nikaridhika na jibu upesi, kwa kuwa jibu lile lilinifaa."

Horioni hakutaka tena kuitwa kwa wenye pepo, ingawa walipomjia hakuwafukuza. Aliomba kazi ya Paesi. Akawa ndiye anayewapelekea wakaa jangwani mikate na chumvi, na kila aliporudi mtoni alipita kwa Herai na kuni au unga. Mara ya kwanza aliuliza, "Mama, umenisamehe?"

Naye akamjibu, "Namwomba Mungu kila siku anisaidie nikusamehe. Leo bado."

"Amina," Horioni akasema, akatua kuni zake, akaenda. Msimu uliofuata akauliza tena, akajibiwa vilevile. Ikaendelea hivyo, wote wawili wakizeeka, watoto wakikua. Hakuna mahali niliposikia kwamba jibu lilibadilika. Nilimuuliza mwalimu aliyenisimulia, akasema hata yeye alimuuliza wa kwake.

Sasa watu huniuliza, mwalimu, kwani pepo hawapo? Wapo. Kemeeni kwa jina la Yesu, salini, jipigeni ishara ya msalaba, wala sidharau mafuta wala maji ya baraka, nyumbani kwangu yapo. Ila kisa hiki nimekigeuza kila upande nikimtafuta pepo ndani yake, na simwoni. Namwona mtu aliyeogopa kuchekwa, na mwingine aliyefunga mikate kwa kitambaa chake. Tukijiombea kinga, wapendwa, tujiombee na kinga ya nafsi zetu wenyewe, na tusiwaulize wenye dhiki maneno ambayo makoo yao hayawezi kuyatoa. Mungu amrehemu Paesi mwana wa Herai. Na yule mwingine naye amrehemu.